Hongo ya Maji: Njia ya Wazee Wetu Katika Nchi Kavu, na Kiangazi cha Kwetu

Mtu akisikia kwamba sisi wa Wamaza, wa Kasongo na Kabambare, tunataka kuandika juu ya nchi kavu, atacheka. Atatuuliza: ninyi mnajua nini juu ya ukame? Mko na Lualaba, mko na Luama, mko na vijito ambavyo hata majina yao hamyajui yote. Na atakuwa na haki ya kucheka. David Livingstone alikaa Kabambare (yeye aliandika Bambarre) miezi mingi kati ya mwaka 1869 na 1871, na hakulia kiu hata siku moja. Alilia mvua, matope na vidonda vya miguu.

Lakini tukumbuke namna Kiswahili hiki tunachoandika kilivyotufikia. Hakikushuka pamoja na mvua. Kilikuja kwa miguu, midomoni mwa wapagazi na waungwana, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, njia ya zaidi ya kilomita 1,200. Kisha kikavuka Ziwa Tanganyika, kikashuka Mtowa karibu na Kalemie ya leo, kikapita Kabambare, kikafika Kasongo na Nyangwe. Na katikati ya njia hiyo, kabla ya kufika Tabora, iko nchi ya Ugogo, pale Dodoma ya leo. Kule mvua inanyesha msimu mmoja tu, tangu mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne hivi, milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka mzima. Kwetu inanyesha zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Kwa hiyo kila mtu aliyeleta neno la Kiswahili hapa Maniema kwa njia ile, alipita kwanza katika kiu. Jambo hilo tumelisahau kabisa. Vitabu vya shule vinatuambia bunduki, pembe za ndovu, watumwa, na vita ya 1892 mpaka 1894. Maji hayatajwi. Hata hivyo, ukisoma habari za wasafiri wa wakati ule, utaona kwamba kila siku msafara uliamka na swali moja: maji ya leo yako wapi?

Njia ilikuwa na sehemu mbili za kutisha, na majina yao tu yanatosha. Ya kwanza ni Marenga Mkali, baada ya Mpwapwa na Chunyo, karibu kilomita 50 bila maji. Malenga, katika lugha za kule, ni maji. Basi jina lenyewe ni maji makali, maji ya chumvichumvi. Maji ya Chunyo yalijulikana kwa ubaya wake, lakini ukiyakataa hapo, huna mengine mpaka uingie Ugogo. Sehemu ya pili ni Mgunda Mkali, yaani shamba kali, pori kubwa la miiba kati ya Ugogo na Unyanyembe. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 mwezi wa kumi na moja. Tayari wakati huo Wakimbu walikuwa wameanza kuingia katika pori lile, wakikata miti na kufungua vijiji na visima. Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta pori limepungua ukali wake. Tunaomba msomaji ashike jambo hilo, maana tutalirudia: pori lilipungua ukali kwa sababu watu walikaa pale wakatafuta maji, si kwa sababu wasafiri walikuwa hodari.

Sasa, mpagazi anapitaje kilomita 50 bila maji? Kichwani au begani iko mzigo wa frasila mbili, kilo 32 hivi, na juu yake mkeka wake, chungu chake, posho yake na kibuyu chake. Hawezi kubeba maji ya siku mbili. Hapo ndipo watu wa misafara walitumia ujanja walioita telekeza. Siku za kawaida msafara uliondoka alfajiri, ukatembea, ukapiga kambi kabla ya jua la saa sita. Siku ya telekeza ilikuwa kinyume. Asubuhi watu walibaki kwenye maji ya mwisho. Walipika, wakala wakashiba, wakanywa mpaka tumbo likajaa, wakajaza vibuyu. Jua lilipopinduka ndipo wakatwika mizigo. Walitembea mchana wote na sehemu ya usiku, wakalala pakavu bila kupika, wakaamka kabla ya mapambazuko na kuendelea, ili wafike kwenye maji mengine asubuhi ile, kabla jua halijawa kali. Hesabu yake ni rahisi na ni ya akili sana. Ukiondoka alfajiri, jua kali la siku mbili litakukuta njiani. Ukiondoka mchana huku tumbo limejaa maji, ni jua la siku moja tu, na kibuyu kimoja kinatosha. Hiyo ni elimu ya kuhifadhi maji ambayo haikuhitaji saruji wala bomba. Maji yalihifadhiwa ndani ya mwili na ndani ya saa za siku.

(Leo Watanzania wakisema mtu ametelekeza watoto wake, maana yake amewaacha, amewatupa. Hatusemi kwamba neno moja limezaa lingine, hiyo ni kazi ya wajuzi wa lugha. Ila tulipoona maneno hayo mawili pamoja tulinyamaza kidogo, na msomaji ataona sababu yake mbele.)

Ukitoka Marenga Mkali unaingia Ugogo, na hapo unakutana na hongo. Mtemi wa kwanza anataka nguo, shanga, waya wa shaba. Unalipa. Siku mbili mbele, mtemi mwingine, tena unalipa. Msafara uliokataa uliweza kunyimwa maji na chakula, na katika nchi ile kunyimwa maji kunatosha kabisa, haihitaji mkuki. Wazungu wengi waliopita waliandika kwa hasira juu ya jambo hilo. Waarabu na waungwana nao walinung'unika. Kwa hiyo Wagogo wameingia katika vitabu kama wanyang'anyi wa njiani, na sisi huku, wajukuu wa watu wa msafara, tumepokea jina hilo bila kuuliza.

Tuulize leo. Maji yale yalikuwa ya nani? Mito ya Ugogo, kama Bubu na Kizigo, inajaa siku chache wakati wa mvua, halafu inabaki mchanga mtupu. Maji yako chini ya mchanga. Mtu anachimba, na kila wiki ya kiangazi maji yanashuka, naye anashuka nayo. Kisima kinazungushiwa miiba ili ng'ombe wasikivuruge. Madimbwi yaliyobaki juu ya ardhi, kama lile lililoitwa Ziwa ambapo Burton alianza kulipa hongo, yanakauka kabla ya mvua kurudi. Mahali kama hapo wenyeji wanapima maji kwa ajili ya watu wao na ng'ombe wao mpaka mwisho wa msimu. Halafu siku moja unatokea msafara wa watu mia tano, elfu moja, wenye kiu ya siku mbili. Wanakunywa, wanateka, wanaondoka. Kisima kimeisha. Nani atachimba tena? Si wao, wako njiani kwenda Tabora.

Na mtemi kwa Wagogo hakuwa mtoza ushuru tu. Yeye ndiye mwenye dhamana ya mvua. Watu walimtazama mbingu zilipokataa. Kwa macho yao, anayekunywa maji ya nchi lazima amheshimu mwenye dhamana ya maji ya nchi. Hatusemi kwamba watemi wote walikuwa watakatifu. Bila shaka wako walioongeza bei kwa tamaa, maana nguo za Amerikani zilipendwa kila mahali. Lakini bei ya kitu kinachopungua inapanda, na hilo wafanyabiashara wa Kasongo walilijua vizuri kuliko sisi, wao waliouza pembe.

Sasa tufike kwenye jambo linalouma. Tunaposema «wazee wetu walipita Mgunda Mkali», ni wazee gani? Tumezoea kuwafikiria wanaokuja, wenye kanzu na bunduki. Lakini njia ilikuwa na pande mbili. Watu wa Maniema walioipita wakienda mashariki walikuwa wengi, na wengi wao walikwenda wamefungwa, pembe za ndovu mabegani, akina mama na watoto migongoni. Mwaka 1882 msafara mkubwa wa Tippu Tip ulipokwenda pwani, mmisionari Alfred Swann alikutana nao njiani, na alichoandika juu ya wale akina mama hakisomeki bila kufunga kitabu kwanza. Pale penye telekeza, mwenye nguvu alifika kwenye maji asubuhi. Asiye na nguvu aliachwa. Kibuyu cha mtumwa kilijazwa wa mwisho, kama alikuwa nacho. Wale waliofika ndio wakaitwa Wamanyema huko Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Dar es Salaam, na wajukuu wao wako mpaka leo, wanajiita hivyo hivyo. Basi katika Mgunda Mkali tulikuwa pande zote mbili za kamba. Anayetaka historia safi, aitafute kwingine.

Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na maandishi yake yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu cha mtu aliyelipa au kukataa kulipa, mtu wa kuhesabu mali. Hatukuti ndani yake sauti ya mtu aliyechimba kisima.

Neno hongo nalo limepatwa na bahati mbaya. Leo kwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya hongo ni rushwa, kile ambacho sisi tunaita matabishi. Yaani malipo ya wazi, yaliyojadiliwa mchana mbele ya watu wote, yamegeuka jina la malipo ya kificho. Aliyeshinda katika kueleza habari ni mpita njia, si mwenye kisima. Na sisi tunaosafiri katika barabara za hapa, tunaosimamishwa kwenye barieri moja baada ya nyingine, tunaweza kufikiri ni kitu kile kile. Hapana. Kwenye barieri unalipa na unaondoka na kiu yako.

Ule ujuzi wa mchanga haukufa. Ndugu zetu Wakamba wa Machakos na Kitui, nchini Kenya, ambao zamani nao walikuwa watu wa misafara, wanajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu. Mvua ikija, nyuma ya ukuta unajaa mchanga, na kati ya chembe za mchanga yanabaki maji, kama theluthi moja ya ujazo wote. Jua haliwezi kuyanywa, mbu hawezi kuzaa ndani yake. Ni kisima kile kile cha kuchimba kwa mikono, kimepanuliwa tu. Na pale Ugogo penyewe, jiji la Dodoma kwa miaka mingi limekunywa maji ya visima virefu vya Makutupora. Wataalamu walipima kina cha maji yale kwa miaka 55, wakatangaza matokeo mwaka 2013: chini ya ardhi hakujazwi na mvua za kila mwaka, kunajazwa hasa na zile mvua kubwa sana zinazokuja mara chache. Speke na Grant wangeelewa. Mwishoni mwa 1860 walinaswa Mgunda Mkali ile ile, si na kiu bali na mafuriko na njaa, na wapagazi wao wengi wakatoroka. Nchi kavu haikosi maji kila siku. Inayapata yote kwa mara moja, na mwenye akili ni yule aliyejua mahali pa kuyaweka.

Wala ukame peke yake si lazima uue. Njaa kubwa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, ya 1917 mpaka 1920, ilitokea mvua zilipokosekana, kweli, lakini zilikosekana baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Akiba iliyowekwa kwa ajili ya mwaka mbaya ilikwenda na jeshi. Upande wetu nao tulitoa wapagazi wa vita ile. Force Publique iliingia Tabora tarehe 19 mwezi wa kenda 1916, na nyuma ya kila askari walikuwa watu wa Kongo ya mashariki wakibeba risasi na posho. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha fika Kigoma, tangu 1914. Gari-moshi lilivuka Mgunda Mkali usiku mmoja, abiria wakilala. Telekeza ikaisha, na kumbukumbu ya maji ikaisha nayo.

Turudi nyumbani, maana kama si kwa ajili ya nyumbani tusingeandika.

Kwetu kiangazi, ambacho wengi tunakiita kipwa, kinashika mwezi wa sita, wa saba na wa nane, na miaka mingine mvua inachelewa mpaka ndani ya mwezi wa kenda. Si ukame wa Ugogo. Lakini msomaji wa Wamaza anajua vizuri mambo yanavyokuwa. Kijito cha karibu kinakuwa uzi. Mihogo inahitaji kuloweshwa siku tatu, nne, na akina mama wote wanalowesha katika dimbwi lile moja lililobaki, mpaka maji yananuka, na chini yake kidogo watoto wanateka ya kunywa. Ndiyo majira ya tumbo. Chemchemi iliyokuwa inajaza bidoni moja kwa kuhesabu mia, sasa unahesabu mia tano. Msichana anaondoka saa kumi na moja alfajiri ili awahi mstari, na shuleni anafika amechelewa, mwalimu anamfukuza.

Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kutia sufuria yenye masizi katika chemchemi. Tulikatazwa kukata miti ya kichwa cha maji; tuliambiwa iko mwenyewe anayekaa pale. Tulipokwenda shule tulicheka. Mwenyewe yuko wapi? Sasa tumeikata, tumechoma makaa, tumepanda mihogo mpaka ukingoni, na tunaona kwamba yule mwenyewe, vyovyote alivyo, ameondoka na maji yake. Wazee hawakujua kueleza kwamba kivuli na mizizi vinasaidia mvua kuingia ardhini. Walijua kukataza, na katazo lilifanya kazi kuliko maelezo yetu.

Katika kijiji kimoja cha upande wetu, ambacho hatutakitaja, chemchemi ilijengwa vizuri miaka kadhaa iliyopita: ukuta wa sima, bomba mbili, ngazi za kushuka. Miaka ya kwanza watu walikuwa wanafanya salongo, wanafyeka, wanazibua mfereji. Halafu mfereji ukaziba, bomba moja likavunjika, mbuzi wakaanza kulala juu ya ukuta. Komite ya maji, wazee wawili na akina mama watatu, ikaamua kila nyumba itoe pesa kidogo kila mwezi wa kiangazi, na wachuuzi wa baiskeli wanaopita na bidoni sita sita watoe zaidi kuliko wenyeji. Tulikuwa pale siku ya mkutano. Wachuuzi walipiga kelele. Mmoja wao, kijana mwenye maneno mazuri, alisimama akasema: maji ni ya Mungu, ninyi ni wezi wa njiani.

Tuliposikia hivyo tuliangaliana. Yalikuwa maneno ya msafara, baada ya miaka zaidi ya mia moja na hamsini, karibu neno kwa neno. Mama mmoja wa komite hakusimama. Alisema tu kutoka pale alipokaa: «Ndiyo, mwanangu, maji ni ya Mungu. Na mfereji nao, Mungu anauzibua siku gani?»

Watu walicheka, kijana naye akacheka. Chefu wa kijiji akasema jambo ni zito, litazungumzwa tena juma linalofuata, na kila mtu aje na neno lake. Juma lile mvua ya kwanza ikanyesha, kubwa, usiku mzima. Asubuhi vijito vilikuwa vinaimba kila upande, na mkutano haukuitishwa.